Chakula cha jioni kwenye kruzi: uvae nini, ubebe nini, na nini ukiache nyumbani

Watu wanaokwenda kruzi, yaani safari ya mapumziko kwenye meli kubwa ya abiria, mara ya kwanza wananiuliza sana kuhusu nguo za jioni, kuliko hata kichefuchefu cha baharini. Yaani mtu kashalipia safari, kabini anayo, halafu usiku halali anawaza atakaaje mezani na watu waliovaa vizuri, mara unasikia kaenda kununua magauni matano au suti mpya ambayo baada ya wiki moja haitatoka tena kabatini. Kabla hujafungua pochi naomba ujue hivi: hakuna "nguo za kruzi" za jumla. Kuna masharti ya kampuni yako, na ndani ya hayo kuna masharti ya usiku fulani. Ukishajua hayo mawili begi linapungua karibu nusu.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuingia kwenye tovuti ya kampuni yenye meli yako na kutafuta ukurasa wa mavazi, usome ulioandikwa sasa, usitegemee alichokuhadithia mtu aliyesafiri miaka kumi iliyopita, maana haya mambo yanabadilika. Kampuni ya Celebrity kwa mfano walikuwa na usiku wa formali kabisa, yaani wa mavazi rasmi, mwaka 2015 wakaufuta wakaleta kitu wanaita Evening Chic, ambacho koti la mwanaume ni hiari. Norwegian wao tangu 2000 wana mfumo wa Freestyle, hakuna usiku unaolazimishwa kuvaa rasmi, ukitaka kupendeza pendeza, usipotaka shati safi na suruali ndefu vinakutosha. Virgin Voyages, ambayo ni ya watu wazima tu kuanzia miaka 18, haina masharti ya mavazi ya jioni ila wana usiku mmoja wa kuvaa nyekundu na watu wanaupenda kweli, kwahiyo beba kitu chekundu hata kama ni skafu. Viking nao hawana usiku wa formali.

Sasa upande wa pili kuna kampuni ya Cunard. Hawa ndio wameshikilia utamaduni wa zamani kuliko wengine wote wakubwa. Ukivuka Atlantiki na meli yao ya Queen Mary 2 kati ya Southampton na New York, safari ya usiku 7 kwa kawaida, utakutana na jioni za Gala, na hapo wanaume wanavaa taksido (ile suti ya sherehe ya usiku yenye tai ya kipepeo) au suti ya rangi iliyokolea na tai, wanawake gauni la jioni au suti nzuri ya suruali, na kuanzia saa 12 jioni sehemu nyingi za meli zinafuata utaratibu huo, siyo chumba cha kulia peke yake. Mara nyingine jioni hizo zina rangi maalum kama nyeusi na nyeupe. Binafsi nazipenda jioni hizi kupita maelezo, ukishuka ngazi ukaona ukumbi mzima umevaa hivyo na bendi inapiga unahisi kabisa uko safarini. Lakini kama wewe hupendi vitu hivyo usichague meli hiyo halafu ukalalamika.

Katikati ndiko waliko wengi: Royal Caribbean, Carnival, Princess, Holland America, MSC. Huko jioni nyingi ni za kawaida na chache ni za kupendeza, na kila kampuni inaziita jina lake, formali, eleganti, gala, dressy, yote yanaelekea kitu kilekile. Hesabu ya kukumbuka ni kwamba safari ya usiku 7 mara nyingi ina jioni 2 za hivyo, na zile fupi za usiku 3 au 4 zina moja. Njia nayo ina mchango wake, kuvuka bahari kubwa watu wanavaa zaidi, Alaska watu wanavaa kawaida zaidi, na zile meli ndogo za kwenda Antaktika au Galapagos hata suti usihangaike kuibeba.

Jioni hizo zinaangukia lini? Siyo jioni ya kwanza, hiyo karibu kila mahali ni ya kawaida. Mara nyingi ni siku ya kwanza ya kukaa baharini bila kutia nanga, maana watu wana muda mchana kutwa wa kupumzika na kujiandaa. Ukiingia kabini utakuta karatasi ya ratiba au utaona kwenye programu ya simu ya meli, kila siku wanaandika jioni hiyo ni ya mavazi gani. Isome kabla hujaenda kuogelea, siyo saa 11 jioni.

Haya, wanaume. Suti moja tu, ya bluu iliyokolea au ya kijivu cha mkaa, inakubeba safari nzima. Shati jeupe moja, lingine la rangi, tai mbili, mkanda na viatu vyeusi vya ngozi, basi, jioni zote mbili za formali umemaliza na hakuna atakayekumbuka kwamba koti ni lilelile. Suruali ya hiyo hiyo suti na shati bila tai unaivaa jioni za kawaida. Taksido siyo lazima hata Cunard, suti ya rangi iliyokolea na tai inakubalika, ila kama unayo au unataka kuijaribu basi safari kama hii ndiyo sehemu yake, na kuna meli zinazokodisha ukiagiza mapema. Na kama kwenu kuna vazi rasmi la taifa au la heshima, livae kwa kujiamini, linahesabika kuwa formali, na mara nyingi ndilo linalopendeza kuliko yote ukumbini.

Wanawake wanachanganyikiwa zaidi kwa sababu wanadhani lazima gauni liburuze sakafu. Siyo lazima. Gauni la magotini lenye kitambaa kizuri linatosha kwenye meli nyingi, suruali pana ya hariri na blauzi ya kung'aa inatosha, na kuna ujanja ambao mimi nimeutumia na sitauacha: gauni moja jeusi lililonyooka, halafu unalibadilisha sura. Jioni ya kwanza unalivaa na mkufu mzito na nywele umezibana juu, jioni ya pili na mtandio wa rangi na hereni ndefu, jioni ya kawaida unavaa kikoti cha jinzi juu yake na sendo. Watu wanaangalia uso na rangi iliyo karibu na uso, gauni lenyewe hata hawalikumbuki. Chagua rangi moja ya msingi, nyeusi au bluu ya usiku, kila kitu kingine kimechi na hiyo, hapo utajikuta umebeba jozi mbili za viatu badala ya sita.

Jioni za kawaida ndizo nyingi, na wengi wanakosea kwa kuvaa chini sana. Smati kazuali maana yake nadhifu bila kubanwa: shati au tisheti ya kola na suruali ndefu, gauni jepesi, sketi na blauzi, jinzi nzima isiyochanika sehemu nyingi inaruhusiwa. Kisichoruhusiwa kwenye chumba kikubwa cha kulia karibu meli zote ni nguo za kuogelea, miguu mitupu, singlendi kwa wanaume, na kofia za kapelo hazipendwi. Kaptula inategemea, Carnival wanakubali zile za heshima jioni za kawaida, kwingine utaambiwa mlangoni ukabadilishe. Nimeshaona baba mmoja na familia yake wamepanga foleni, watoto wana njaa, yeye akarudishwa kwa sababu ya kaptula, na kabini iko upande wa pili wa meli, dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Iliniuma kwa niaba yake, kwa sababu alikuwa na suruali, hakuambiwa tu.

Watoto hawabanwi kama wakubwa, shati lenye kola au gauni safi inatosha hata usiku wa formali.

Viatu. Meli inatembea, na bahari ikiwa na mawimbi sakafu inakuja na kuondoka, kwahiyo mchuchumio wenye kisigino chembamba ni hatari, siyo kwa kuanguka tu bali pia ukitoka nje kupiga picha mbao za sitaha zina mianya na kisigino kinazama. Vaa kisigino kinene kifupi au viatu flati vya kung'aa. Tena viwe ulishavivaa nyumbani, maana kutoka kabini hadi mezani kunaweza kuwa korido ndefu na ngazi.

Kitu kingine ambacho karibu kila mtu anasahau ni baridi. Hata meli ikiwa inakatiza Karibiani, vyumba vya kulia na ukumbi wa maonyesho vina kiyoyozi kikali, na chakula cha jioni cha kozi nne kinaweza kwenda saa moja na nusu mpaka mbili. Beba pashmina, yaani mtandio wa kujifunika mabegani, au kikoti chepesi, hiki kiwe cha kwanza kuingia begini.

Kuhusu mikunjo: usibebe pasi wala stima ya nguo, karibu kampuni zote zinapiga marufuku kwa sababu ya hatari ya moto na wakiiona kwenye ukaguzi wanaishikilia mpaka mwisho wa safari. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi, nyingine hazina kabisa na unalipia huduma, kwahiyo bora kuchagua kitambaa tangu nyumbani. Vitambaa vya jezi (kile laini kinachovutika) na poliesta nzuri vinatoka begini vimenyooka, kitani kitakutia aibu kabla hujafika mezani. Suti igeuze ndani nje, itie kwenye mfuko laini wa plastiki wa dobi, uikunje juu ya nguo nyingine. Ukifika itundike bafuni, fungulia maji ya moto dakika chache ufunge mlango, mvuke utafanya kazi. Na beba ndoano mbili tatu za sumaku, kuta za kabini nyingi ni za chuma na kabati ni dogo, utazishukuru.

Kama chakula chako kimepangwa zamu ya mapema, pengine saa 11 na nusu au saa 12 jioni, kumbuka siku za bandarini utarudi umechoka na una nusu saa tu ya kuoga, kwahiyo nguo ya jioni iache imetundikwa kabla hujashuka asubuhi.

Na kama kweli hutaki formali? Hakuna anayekulazimisha. Bafe karibu kila mara iko wazi jioni hizo na huko unavaa kawaida, unaweza kuagiza chakula kabini, hata Cunard wana sehemu kama Kings Court na baa ya Golden Lion ambako usiku wa Gala hawadai uvae suti. Kitu ninachoomba ni usiingie ukumbi wa formali na tisheti ukibishana na mhudumu, wale mnaokaa nao meza moja huenda wamesubiri jioni hiyo mwaka mzima.

Begi la mkononi sasa. Siku ya kupanda meli unakabidhi begi kubwa bandarini na linaletwa mlangoni kwako baadaye, na baadaye inaweza kuwa baada ya chakula. Safari yangu ya kwanza la kwangu lilifika saa 3 usiku na mimi nimekaa na nguo nilizosafiri nazo tangu alfajiri, nikaishia kula kwenye bafe. Weka mkononi suruali ama gauni moja jepesi na viatu vyake.

Jioni ya mwisho ni hivyohivyo kwa kinyume, mabegi yanatolewa nje ya mlango usiku ili yachukuliwe, na kila safari kuna mtu anayepaki kila kitu kwa furaha halafu anaamka asubuhi akiwa na nguo ya kulalia peke yake na begi lake liko bandarini tayari. Kabla hujafunga zipu, toa nguo za kesho, chupi, soksi na viatu, uviweke juu ya kiti.