Kupima Jinsi Rejeta ya Kompyuta Inavyozuia Maji

Maji yanapozunguka kwa unyonge katika kompyuta inayopozwa kwa maji, wengi huilaumu rejeta, yaani kifaa kinachoyatoa maji joto kwa hewa, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko vifaa vingine, ilhali vijia vyembamba zaidi huwa ndani ya kipozeo kinachokaa juu ya prosesa. Kabla ya kununua rejeta nyingine, ipime iliyopo ikiwa peke yake.

Andaa ndoo, pampu ya volti 12, vali, tii mbili (viungio vya umbo la herufi T), na mipira miwili ya kuonesha ndani yenye urefu wa mita moja na nusu kila mmoja. Maji yafaayo ni yale yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Soma chupa kwa makini, kwani asidi ya betri nayo huuzwa katika maduka hayohayo. Rejeta mpya isuuzwe kwanza kwa maji ya moto, maana mabaki ya dawa ya kulehemu husalia ndani yake.

Maji yatoke kwenye pampu, yapite kwenye vali, tii ya kwanza, rejeta na tii ya pili, kisha yarudi ndooni; kila mpira uunganishwe kwenye mkono wa tatu wa tii moja. Vali ikikaa baada ya rejeta, shinikizo litapanda katika mipira yote miwili na maji yatamwagikia juu kabla hujasoma chochote. Mipira hiyo ifungwe wima ubaoni kando ya futi, ncha zake zikiwa wazi, na mdomo wa kurudishia maji usishuke chini ya tii ya pili, la sivyo hewa itanyonywa. Usiwashe pampu ikiwa kavu, na tikisa rejeta mpaka mapovu yaishe.

Kinga maji kwa chupa ya lita 2: ikijaa kwa sekunde 30, mtiririko ni lita 4 kwa dakika. Hapo soma tofauti ya vimo vya maji katika mipira miwili; kila sentimita 1 ni takriban paskali 98.

Hatua inayorukwa mara nyingi ndiyo inayoamua yote: ondoa rejeta, unganisha koneka zake moja kwa moja, kisha upime tena kwa mtiririko uleule. Tuseme ulisoma sentimita 31 mwanzo na sasa umepata 9. Rejeta yenyewe inachukua 22 tu. Rudia kwa mtiririko wa lita 2 na lita 6 kwa dakika, joto la maji likiwa lilelile, kwa sababu maji baridi ni mazito zaidi kusukuma. Mtiririko ukiongezeka maradufu, tofauti hupanda kati ya mara mbili na mara nne. Ikitoka nje ya mipaka hiyo, shuku povu lililonaswa.

Pampu ya aina ya D5, mojawapo ya pampu za kompyuta zinazopozwa kwa maji, inaweza kuinua maji karibu mita 3.9, hivyo sentimita 22 si mzigo wa kuidhoofisha. Fungua kipozeo cha prosesa utafute uchafu humo.