Kuhamisha Mifumo ya Biashara kutoka Chumba cha Seva hadi Huduma ya Wingu: Mwongozo kwa Biashara za Mwanza

Kabla ya kuulizia bei kwa mtoa huduma yeyote wa wingu, yaani kampuni inayokukodishia kompyuta zake kupitia intaneti, mwenye biashara ajiulize ni kazi ipi itakayosimama pale intaneti itakapokatika, na inaweza kusimama kwa muda gani bila kuleta hasara. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kipi kihame na kipi kibaki.

Orodhesha mifumo yote inayoendeshwa na seva yako, yaani kompyuta kuu ya biashara, hata ile inayotumiwa na mtu mmoja tu. Chukua mfano wa kiwanda cha minofu ya sangara. Lori linapofika mapokezi, karani hupima samaki na mfumo huandika uzito, jina la wakala na namba ya shehena, ambayo baadaye mnunuzi wa Ulaya ataitumia kufuatilia samaki huyo alikotoka. Barafu haisubiri mtandao urudi. Kwa hiyo mfumo wa mizani ubaki kwenye kompyuta ya kiwandani, ukituma nakala winguni kila mawasiliano yanapokuwepo. Barua pepe, nyaraka na uhasibu vinaweza kutangulia, kwa sababu saa mbili za kusubiri haziozeshi kitu.

Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko zote, ni njia ya mawasiliano. Watoa huduma wakubwa wamejenga vituo vyao vya data Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mjini Cape Town mwaka 2020, na Google mjini Johannesburg mwaka 2024. Data ya Mwanza inayokwenda huko hutegemea nyaya za nchi kavu na kisha za baharini, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Lipia laini mbili za kampuni tofauti, na udai maelezo ya maandishi kuhusu njia ambayo kila moja inapita, kwa kuwa mikataba miwili inayotumia waya uleule haikupi akiba yoyote. Ikiwa watumiaji wako wote wako nchini, omba pia bei za vituo vya data vilivyopo Dar es Salaam.

Piga hesabu ya muda. Terabaiti 2 zikipandishwa kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 mfululizo, na kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kushusha inayotangazwa. Anza na nakala kamili, ukiipandisha usiku baada ya usiku, kisha tuma mabadiliko pekee.

Katika mkataba, angalia gharama ya kutoa data winguni, kwani ankara nyingi hutozwa kwa dola na kurudisha mafaili yako mwenyewe kunaweza kulipiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za wateja na wafanyakazi nje ya nchi. Mwanasheria aisome kabla ya saini.

Usihame mwisho wa mwezi, wakati wa mishahara na ritani za kodi. Siku chache kabla, mwambie mhasibu achague ankara moja ya mwaka jana, kisha fundi airejeshe kutoka kwenye nakala ya wingu hadi kwenye kompyuta tupu, mhasibu akiangalia. Ikishindikana, ahirisha. Ikifanikiwa, hamisha mfumo mmoja baada ya mwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba ya kwenye simu) kwa kila mtumiaji, na uiache seva ya zamani ikiwaka hadi hesabu za mwezi mzima zifungwe kwenye mfumo mpya bila tofauti. Hapo ndipo diski zake zifutwe kabisa au ziharibiwe, kabla seva haijauzwa.