Mzigo wa kontena, maji ya mto na bima ya Uholanzi

Kama unaishi Uholanzi, nyumba yako ina kelder, yaani chumba cha chini ya ardhi, na ndani ya hiyo kelder kuna mzigo unaosubiri kontena la Dar au Mombasa, nenda kautoe. Mengine yote kuhusu mafuriko utayakuta kwenye karatasi za gemeente, yaani manispaa, tena yamechorwa na picha. Hili la mzigo hakuna atakayekuambia.

Mimi lilinikuta Julai 2021, kusini mwa Limburg. Mvua ilipiga siku mbili, sehemu nyingine ikapita milimita 150, na Geul, kijito ambacho kiangazi watoto huchezea kwa ndoo zao, kikaingia mitaani. Ujerumani walikufa watu zaidi ya 180, Ubelgiji kama 40. Upande wetu maji yalichukua mali, watu wakabaki, na Waholanzi wana haki ya kujivunia hilo. Ila ndugu wa nyumbani wakisikia nchi hii iko chini ya usawa wa bahari, wanadhani anayekaa kwenye vilima amepona. Limburg ya kusini ndiyo penye vilima vyenyewe: Vaalserberg, wa mita 322, mrefu kuliko vyote katika Uholanzi hii ya Ulaya, uko huko huko. Robo ya nchi iliyo chini ya bahari ina matuta, mageti na pampu za kila aina. Maji yetu yalishuka kutoka juu, ambako hakuna aliyekuwa anayatazamia.

Sasa bima. Ukipanga, jengo ni la mwenye nyumba na bima ya jengo ni shauri lake. Vilivyomo ni vyako, na bima yake ni inboedelverzekering, pesa ndogo tu kwa mwezi. Kata bima hiyo. Usijibane hapo halafu ukachangia harusi tatu za watu usiowajua. Kisha angalia kama mkataba una huurdersbelang, yaani kinga ya vile mpangaji alivyoongeza mwenyewe kwenye nyumba, kwa sababu wengi wetu tunakabidhiwa nyumba ikiwa saruji tupu, sakafu ya laminate tunaweka wenyewe, na laminate ikikaa majini usiku mmoja inavimba, huokoi hata ubao mmoja. Mwenye nyumba hailipi. Ni yako.

Swali la kwanza la bima baada ya mafuriko ni maji yametoka wapi. Maji ya mvua kubwa na ya vijito vilivyofurika, mikataba mingi sasa inayalipa, hasa tangu mwaka 2018 umoja wa makampuni ya bima ulipowashauri wanachama wake wayalipe. Maji ya mito mikubwa kama Maas na Waal, au ya bahari, yakivunja au kupita tuta kuu, karibu wote hawalipi. Hapo inabaki serikali na sheria yao ya maafa, Wts, na sheria hiyo haiamki yenyewe: mpaka serikali itamke kwamba inatumika kwa janga hilo. Hata ikitumika, inafidia kile tu ambacho usingeweza kukikatia bima. Ulikuwa na uwezo wa kukata na hukukata? Hupati kitu.

Kwa hiyo mama mdogo anapopiga simu na kusema, "Mwanangu, huko si Ulaya, serikali ya Wazungu itawalipa," mwitikie kwa heshima, mshukuru, halafu usimsikilize. Sisi tumezoea mafuriko ya Jangwani au Budalang'i: unaandikishwa kwa mtendaji au kwa chifu, Msalaba Mwekundu wanaleta mablanketi, mbunge anakuja na unga na kamera. Unga ule hauulizi mkataba, na mama mdogo huo ndio anaoujua. Hapa msaada wa haraka upo, godoro kwenye ukumbi wa michezo na kahawa, lakini baada ya hapo ni karatasi.

Kabla sijarudi kwenye kelder, neno moja kwa wanaotafuta nyumba za bei poa karibu na mito. Ukiona chalet nzuri, kijumba cha likizo, kodi nusu ya wengine, mandhari ya mto mpaka dirishani, uliza swali moja: iko ndani ya tuta au buitendijks? Buitendijks ni upande wa mtoni, eneo ambalo mto umeachiwa uvimbe wakati wake. Anayekaa pale anakaa kwa dhamana yake mwenyewe. Na viwanja vingi vya chalet ni vya likizo, hairuhusiwi kuishi humo moja kwa moja, na wengi hawajiandikishi hapo, kwa hiyo siku ya maji gemeente haina habari kwamba upo.

Haya, kelder. Yangu ilikuwa na vitu vya nyumba kidogo na mzigo mwingi. Mikrowevu, spika, baiskeli, matairi, mabegi ya nguo, na televisheni moja ya shemeji iliyokwisha lipiwa. Wengi wetu tunaishi hivyo: unaokota kimoja Marktplaats, soko la mitumba la mtandaoni, kingine kringloop, duka la mitumba, unajaza taratibu, kontena likipatikana unasafirisha. Kuhusu maji, bima haikubisha hata kidogo. Mtaalamu wao wa kukagua hasara alikuja na buti za mpira na tableti, mama mmoja mpole, akashuka ngazi, akamulika tochi. Akauliza mko wangapi nyumbani. Nikamwambia wanne. Akamulika tena. "Mikrowevu tano?"

Nikaeleza kwamba ni za ndugu, ndivyo tunavyofanya sisi. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akaandika. Barua ilipokuja ilikuwa na neno moja lililokula karibu dai lote: handelswaar, bidhaa za biashara. Bima ya vitu vya nyumbani hailipi bidhaa za biashara, au inalipa kiasi kidogo cha kukudhihaki. Na televisheni ya shemeji? Si yangu, kwa hiyo si inboedel yangu. Shemeji naye hana bima Uholanzi. Jaribu kumweleza hilo kwa simu mtu aliyeko Tandika ambaye tayari ameshatoboa ukuta wa kuitundikia.

Narudia. Mzigo wa kuuza si kitu cha nyumbani. Mzigo wa ndugu si kitu chako. Hata kama huuzi, vitu vitano vya aina moja vinaonekana vya kuuza. Kama biashara ni ya kweli, iandikishe na ikatie bima yake. Kama ni ya kubahatisha kama yetu wengi, basi weka mzigo ghorofani, au kodi stoo isiyo chini ya ardhi na usome masharti yake. Kelder hapana. Kelder ndiyo ya kwanza kujaa na ya mwisho kukauka.

Mtego wa pili ulitengenezwa na upendo. Ujumbe ulizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, na Jumamosi wakaja: kina mama wa kanisa, vijana wa mpira, mzee mmoja kutoka Eindhoven na mashine yake ya kufyonza maji. Mungu awabariki. Wakafagia, wakasugua, wakaimba, wakabeba kila kilicholowa vyumbani na kukitupa kwenye makontena ya taka ambayo gemeente ilikuwa imeyapanga barabarani. Jioni nyumba ilikuwa inanukia dawa. Mtaalamu alipokuja, kitanda cha watoto, makochi, zulia, jokofu, vyote vilikuwa vimeshapelekwa jalalani, bila picha hata moja. Akauliza risiti. Risiti ya kochi ulilonunua kwa keshi kwa Mholanzi anayehama inatoka wapi?

Usitupe kabla ya kupiga picha. Usitupe kabla ya kupiga picha! Piga chumba kizima, kisha kitu kimoja kimoja, kisha kibao cha nyuma chenye namba ya mashine, kisha alama ya maji ukutani ukiwa umeweka futi ya fundi pembeni. Mpigie bima uliza kama unaweza kutupa, na jibu lao lipate kwa maandishi. Kata kipande cha zulia ukihifadhi. Ndugu wakija kusaidia, mmoja wao kazi yake iwe simu tu, asishike ufagio. Na tangu leo, ukinunua kitu cha mitumba, lipa kwa Tikkie, malipo ya simu, au benki ili kibaki kwenye kumbukumbu, na usifute mazungumzo ya Marktplaats.

Kuna watakaokushauri uongeze chumvi. "Sema ilikuwa mpya, sema zilikuwa mbili, wale wana hela." Nimewasikia wengi, baadhi watu wazima wenye ndevu. Bima za hapa zina rejista ya pamoja ya waliodanganya, na jina likiingia linaweza kukaa humo mpaka miaka minane. Ukiwemo humo, bima ya gari unaitafuta kwa tochi. Dai hasara yako halisi, yote, mpaka vijiko, lakini yako.

Usiporidhika na hesabu ya mtaalamu wao una haki ya kuleta wako, contra-expert, na gharama yake, ikiwa ya kiasi, mara nyingi inabebwa na bima. Uliza kwanza kikomo ni kiasi gani. Dai likikataliwa, lalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, halafu Kifid, chombo cha malalamiko ya bima na benki, ambako mteja wa kawaida halipi kufungua malalamiko. Barua ikikushinda, Juridisch Loket, ofisi ya msaada wa kisheria, wanasaidia wenye kipato kidogo.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Andika posikodi yako kwenye overstroomik.nl uone maji yanaweza kufika kimo gani. NL-Alert, tahadhari ya serikali, inaingia yenyewe kwenye simu, ila kama simu umetoka nayo Afrika hakikisha haijazimwa kwenye mipangilio. Weka maji ya kunywa, redio ya betri, dawa na keshi kidogo za kukutosha saa 72. Umeme zima kwenye meterkast, kabati la mita, kabla maji hayajafika, kelder yenye maji usiiingie, 112, namba ya dharura, ni ya kuokoa uhai tu.

Waholanzi wenyewe ni watu wa ajabu katika jambo hili. Mwaka 1953 bahari iliua watu 1,836 usiku mmoja, wakajenga Deltawerken, mabwawa na mageti ya kuzuia bahari. Mwaka 1995 mito ilitishia wakahamisha watu kama 250,000, kisha wakaanza kuirudishia mito nafasi yake, wakasogeza matuta nyuma na kuchimba mikondo ya pembeni. Matokeo yake raia wa kawaida hawazi maji hata kidogo. Jirani yangu, miaka yote salamu ya kichwa tu, usiku ule alikuja na pampu yake akakaa nasi mpaka alfajiri, na wiki iliyofuata tukarudi kwenye salamu ya kichwa. Sikumlaumu. Ila hakuwa na tochi ndani ya nyumba yake, alikuja kuazima yangu.

Wanaoyafikiria maji ni waterschap, mamlaka za maji, vyombo 21 ambavyo mizizi yake ni karne ya 13. Bahasha yao ya kodi si ya matapeli, usiitupe. Ukiachia inaongezeka gharama za ukumbusho hadi dalali wa mahakama. Kipato kikiwa kidogo omba kwijtschelding, msamaha wa kodi hiyo, na usisubiri ukumbusho wa pili. Tena wana uchaguzi kila miaka minne, na hata asiye raia anapiga kura mradi ana miaka 18, kibali halali cha kuishi na amejiandikisha hapa. Ujao ni Machi 2027, na kadi ya kukuruhusu kupiga kura itakuja kwa posta kwenye anwani uliyojiandikisha, si ile unayolala kwa rafiki.