Namna ya Kuandaa Kikao cha Kuonja Porti ya Vinteji: Mavuno ya 1991 na 1992 Katika Meza Moja

Kikao cha kuonja porti, mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, huharibika siku ile mwenyeji anapowaambia wenzake kwamba kila mmoja aje na chupa yoyote nzuri aliyo nayo. Mezani hukusanyika chupa za miaka mbalimbali na kampuni mbalimbali, kila moja ikisifiwa kwa zamu yake, na watu hutawanyika wakiwa wamefurahi bila ya kujua lolote ambalo hawakulijua walipokuwa wakiingia. Mada ya kikao inapaswa kuwa swali, tena swali ambalo chupa zenyewe zinaweza kulijibu, kwa sababu likishapatikana hilo, idadi ya chupa, mpangilio wa glasi na hata saa ya kula hujipanga zenyewe. Swali ninalolipendekeza hapa ni la ugomvi wa zamani usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa porti: kati ya kampuni zilizouchagua mwaka 1991 na zile zilizousubiri mwaka 1992, ni zipi zilizochagua vizuri zaidi?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kukumbuka namna porti inavyotengenezwa. Zabibu zake hulimwa katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa rasmi tangu mwaka 1756. Maji ya zabibu yakiwa bado yanachachuka huongezwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, uchachukaji hukoma, na sukari ya tunda hubaki ndani. Ndiyo maana porti ni tamu na bado ina kilevi cha karibu asilimia 20. Vinteji ndiyo daraja la juu kabisa: hutoka katika mavuno ya mwaka mmoja tu, hukaa katika mapipa takriban miaka miwili, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa ikaendelea kukomaa humo kwa miongo kadhaa. Kampuni haiitoi kila mwaka. Huusubiri mwaka unaostahili, hupeleka sampuli kwa IVDP, taasisi ya serikali ya Ureno inayosimamia mvinyo wa Douro, na ikishapata idhini ndipo huutangaza mwaka huo kwa jina lake kuu.

Mara nyingi kampuni kubwa huafikiana bila ya kukaa kikao, kama ilivyokuwa kwa mavuno ya 1963, 1970, 1994 na 2011. Kwa 1991 na 1992 hazikuafikiana. Graham's, Dow's na Warre's, zote za familia ya Symington, zilitangaza 1991, huku Taylor's na Fonseca zikiuruka mwaka huo na kutangaza 1992. Taylor's ilianzishwa mwaka 1692, kwa hiyo mwaka 1992 uliangukia katika kutimiza kwake miaka 300, na si ajabu mgeni mmoja mwenye ulimi mkali akalitaja jambo hilo mezani kuwa ndiyo sababu ya uamuzi wake. Niepoort, kampuni ndogo yenye asili ya Uholanzi, ilitangaza miaka yote miwili. Pia kampuni isiyotangaza mwaka haimwagi mvinyo wake bora, bali aghalabu huutoa kwa jina la shamba lake kuu au kwa lebo ya pili. Kwa sababu hiyo ipo Quinta de Vargellas ya 1991 kutoka kwa Taylor's, na ipo Malvedos ya 1992 kutoka kwa Graham's. Hapo ndipo kikao kinapopata utamu wake, kwa kuwa mwonjaji anaweza kuilinganisha kampuni na uamuzi wake yenyewe.

Chupa nane zinatosha, nazo zipangwe katika jozi nne: Niepoort ya 1991 na ya 1992, Graham's ya 1991 na Malvedos ya 1992, Vargellas ya 1991 na Taylor's ya 1992, na mwisho Dow's ya 1991 dhidi ya Fonseca ya 1992. Jozi hii ya nne haitokani na kampuni moja, lakini nisingeiacha, kwa sababu mtindo wa Dow's unajulikana kwa ukavu wake, yaani utamu mdogo, na wa Fonseca kwa unene na tunda lililojaa, na tofauti hiyo huwalazimisha waonjaji kujiuliza kama wanachokipenda ni mwaka au ni mkono wa mtengenezaji. Chupa moja isipopatikana, kundi lisiizibe nafasi yake na 1994 ya mtu aliyetaka tu kuonyesha hazina yake. Ni afadhali jozi tatu zilizotimia. Kundi ambalo mfuko wake hauruhusu chupa zenye umri wa miaka 30 na zaidi linaweza kuuliza swali la karibu na hilo kwa mavuno ya 2016 na 2017, miaka miwili mfululizo ambayo kampuni kubwa nyingi ziliitangaza yote, mradi wakubali kwamba porti hizo bado ni changa na tanini zake, ule ukali utokao kwenye maganda ya zabibu, zitawakaza midomo.

Idadi ya watu hutegemea hesabu ya chupa. Chupa ina sentilita 75, na baada ya kutenga mashapo hubaki kama 70 za kunywa, zinazotosha watu 12 kwa kipimo cha sentilita 5 na akiba ndogo ya kurudia. Mwenyeji awaeleze wageni maana ya kipimo hicho: vipimo vinane vya namna hiyo vikimezwa vyote vina kilevi kinachozidi kile cha chupa tatu za nusu lita za bia ya asilimia 5. Kwa hiyo kila watu wawili wawekewe chombo cha kutemea, na usafiri wa kurudi nyumbani upangwe kabla ya siku yenyewe. Anayeona kutema ni ufedhuli aelezwe kwa upole kwamba waonjaji wa kazi hutema kutwa nzima, na kwamba glasi ya saba haiwezi kuhukumiwa kwa haki na mtu aliyemeza sita zilizotangulia.

Ununuzi uanze miezi kadhaa mapema na ufanywe na mtu mmoja kwa fedha za wote, gharama ikigawanywa sawa, kwa sababu utaratibu wa kila mtu kuleta chupa yake huzaa manung'uniko pale mmoja anapoleta ya bei ya juu na mwingine ya bei ya chini. Chupa za umri huu hupatikana minadani na kwa wauzaji wa mvinyo wa zamani, hasa London. Kabla ya kulipa, ulizia zilikohifadhiwa, kisha zitazame zenyewe. Mvinyo unapaswa kufika angalau mwanzo wa shingo, pale inapoungana na mabega ya chupa. Ukiwa umeshuka hadi mabegani, huenda kizibo kimevuja. Kifuniko cha juu chenye alama za kunata au kizibo kilichochomoza ni dalili ya joto. Ikiwezekana, nunua chupa moja ya ziada, kwa kuwa kizibo kilichoingiwa na kemikali ya TCA huifanya porti inuke kama karatasi iliyolowa, na hakuna ustadi wa mwenyeji unaoweza kuliondoa hilo.

Chupa zote zifike kwa mwenyeji angalau wiki moja kabla, zilazwe mahali penye giza na ubaridi, kisha zisimamishwe wima siku mbili kabla ya kikao ili mashapo yashuke chini. Mtu asije na chupa mkononi jioni ya kikao. Mashapo yaliyotikiswa garini huuchafua mvinyo kwa rangi na kwa ladha, na hayatulii kwa saa moja.

Kufungua ndiyo kazi inayotaka utulivu. Kizibo cha miaka 30 aghalabu kimelainika upande wa chini na kimeshikamana na kioo, na kizibuo cha kawaida hukivunja katikati. Kizibuo chenye miguu miwili ya bapa, inayopenyezwa taratibu pembeni mwa kizibo, hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa chupa iliyoshindikana kuna koleo la porti: mdomo wake huwekwa motoni hadi uwe mwekundu, hubana shingo chini ya kizibo kwa muda usiozidi dakika moja, kisha hapo hapo hupitishwa kitambaa kilicholowekwa maji ya barafu. Kioo hulia kidogo na kukatika mviringo, kizibo kikiwa bado ndani ya kipande cha juu. Anayelitumia avae glavu na miwani, na alijaribu kwanza kwa chupa ya bei rahisi.

Kumimina kufanywe kwa mwendo mmoja usiokatizwa. Weka taa ndogo au mshumaa nyuma ya bega la chupa, inamisha chupa polepole juu ya dekanta, yaani jagi la kioo la kumiminia mvinyo, na usiirudishe wima hata mara moja, kwa kuwa kila kurudi nyuma huamsha mashapo. Mwanzoni mvinyo hupita shingoni ukiwa mwekundu na mwangavu. Karibu na mwisho utaona uzi mwembamba mweusi ukitambaa kuelekea mdomoni. Uzi huo ukifika shingoni, acha papo hapo. Kilichobaki huchujwa kwa kitambaa cha melimeli kilichooshwa bila sabuni na huwekwa kando kwa ajili ya mpishi. Suuza chupa kwa maji safi, ikung'ute hadi ikauke, kisha urudishe mvinyo ndani yake, maana dekanta nane zinazofanana huzaa mkanganyiko hata kwa mtu makini. Kwa porti za miaka hii napendelea saa nne kati ya kumimina na kuonja. Wapo wanaotaka sita, na hawana kosa, lakini chupa zote nane zipewe muda mmoja, la sivyo mtakuwa mnalinganisha hewa na si mavuno.

Kuhusu joto, porti ya vinteji hupendeza kati ya nyuzi 16 na 18. Usemi kwamba inywewe kwa joto la chumba ulitoka katika vyumba vya Ulaya vya zamani visivyo na vipasha joto. Anayekaribisha wenzake Mombasa au Dar es Salaam aiweke kwenye friji hadi ifikie nyuzi hizo na aitoe muda mfupi kabla ya kumimina, kwani kwa nyuzi 30 pua hupokea kilevi kitupu.

Uonjaji uwe wa kufichwa kwa kiasi: wageni wajue ni chupa zipi nane, wasijue ni ipi iliyo katika glasi ipi. Mtu asiyeonja azivike chupa mifuko ya karatasi, azipige kura na kuzipa namba, na orodha akae nayo mwenyewe. Kila mgeni apewe karatasi yenye duara nane zenye namba, glasi nane zikae juu ya duara hizo, na mvinyo wote umiminwe kwa mkupuo mmoja ili aweze kurudi nyuma na mbele. Glasi 96 ni nyingi kwa nyumba yoyote. Wageni waombwe waje na zao, zenye umbo la yai na mdomo uliobana, mradi glasi nane za kila mmoja ziwe za aina moja.

Saa nzima ya kwanza iwe ya kimya. Hilo huonekana kali, lakini katika kila kundi kuna mtu mmoja ambaye akisema tu kwamba namba 5 ni Taylor's, nusu ya meza huanza kuisikia Taylor's. Kila mmoja aandike anachokiona, anachonusa na kinachobaki kinywani baada ya kutema, hasa urefu wa ladha hiyo, ambao kwa maoni yangu husema ukweli zaidi kuliko harufu. Kuipa kila glasi alama kati ya mia sikupendekezi. Watu 12 hawana kipimo kimoja cha 93. Badala yake kila mgeni ataje tatu alizozipenda zaidi, kwa pointi 3, 2 na 1, kisha aandike kando ya kila glasi mwaka anaoudhani. Karatasi zikusanywe kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Kabla ya hapo mezani pasiwe na chakula zaidi ya mkate usio na chumvi nyingi na maji, wala mgeni asijipake manukato. Jibini la Stilton na jozi za kula (walnut) vije baada ya kura, pamoja na ile desturi ya Waingereza ya kupitisha dekanta kuelekea upande wa kushoto.

Mifuko ivuliwe jozi kwa jozi, si kwa mpangilio wa ushindi, ili mazungumzo yabaki kwenye swali. Anza na Niepoort, kwa sababu hapo mtengenezaji ni mmoja na kinachobadilika ni mwaka. Malizia na Dow's na Fonseca, wakati wageni wameshazoea kutenganisha mambo hayo mawili. Hesabu mbili zisomwe kwa sauti: jumla ya pointi za kila mwaka, na idadi ya makisio yaliyokuwa sahihi. Makisio yakiwa karibu na nusu kwa nusu, kundi halikuweza kuitambua miaka hiyo, na ushindi wa pointi usichukuliwe kwa uzito mkubwa. Kilichobaki chupani kifungwe na kuwekwa kwenye ubaridi, kionjwe tena kesho yake na mwenyeji pamoja na mmoja wa wageni, na mabadiliko yaliyotokea yaongezwe kwenye karatasi za kura kabla ya nakala kutumwa kwa wote.