Namna ya Kuchambua Tabia kwa Nadharia za Pavlov na Skinner Bila Kuzichanganya

Mwanafunzi anayeanza kusoma saikolojia, awe katika chuo cha ualimu au mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, hufikishwa mapema kwenye mada ya kujifunza, na humo hukutana na mbwa wa Pavlov, paka wa Thorndike na panya wa Skinner. Huwakariri wote. Kisha mtihani humletea kisa cha mtoto anayegaagaa dukani akililia pipi, kisa kisicho na mbwa wala panya, naye hubaki ameshika kalamu asijue nadharia ipi inamhusu mtoto huyo. Tatizo lake si usahaulifu. Amekariri wanyama, akayaacha maswali ambayo wanyama wale waliletwa maabara kuyajibu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua kisa chochote cha kujifunza na kukichambua kwa utaratibu, hadi jina la nadharia lijitokeze lenyewe.

Kabla ya kutaja nadharia yoyote, andika tabia inayochambuliwa kwa kitenzi cha jambo linaloonekana au linalopimika. “Juma ni mkaidi” si tabia, ni hukumu; “Juma hukataa kufungua daftari mwalimu wa hisabati anapoingia darasani” ndiyo tabia, kwa sababu watu wawili wanaoketi nyuma ya darasa wanaweza kuihesabu na wakapata idadi moja. Mmarekani John B. Watson ndiye aliyelishikilia sharti hili kwa nguvu katika makala yake ya mwaka 1913, aliposema kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi ichunguze yale yanayoonekana na iachane na kuchungulia nafsi. Wanasaikolojia wa baadaye waliona kwamba alikaza kamba kupita kiasi, kwani mawazo nayo yana kazi yake. Lakini kwa mtu anayejifunza kuchambua visa, nidhamu hiyo bado ni kinga nzuri dhidi ya maneno matupu.

Ukishaiandika tabia, uliza swali linalozitenga nadharia ya Pavlov na ile ya Skinner: je, kinachofuata kinategemea alichokifanya mhusika, au kingekuja tu hata asingefanya kitu? Katika maabara ya Pavlov, chakula kilimfikia mbwa, awe ametoa mate au hakutoa. Katika kisanduku cha majaribio cha Skinner, panya asipobonyeza kitufe hapati chakula. Vitabu vingi humwelekeza mwanafunzi aulize kama tendo ni la hiari au si la hiari, na swali hilo husaidia: mate, jasho, mapigo ya moyo na kichefuchefu huelekea upande wa Pavlov, na kutembea, kuandika au kupiga kelele huelekea upande wa Skinner. Hata hivyo, hiari ni kitu kigumu kukipima, hasa kwa mtoto mchanga au mnyama. Swali la utegemezi ni imara zaidi, na ndilo ninalopendekeza litangulie.

Tuseme jibu limekuelekeza kwa Pavlov. Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia nchini Urusi, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilitokana na uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula. Alipokuwa akipima mate ya mbwa, ilionekana kwamba mate yalianza kutoka kabla chakula hakijaingia kinywani, kwa mfano mbwa alipomwona anayemlisha. Mtafiti mwingine angeliona hilo kuwa usumbufu unaoharibu vipimo. Yeye aliligeuza kuwa somo la sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Kumchambua mtu kwa nadharia hii ni kujaza nafasi nne, na siri ni kuanza na zile mbili za asili, ambazo hazihitaji mafunzo yoyote. Chukua mtoto aliyechomwa sindano zahanati mara kadhaa, ambaye sasa hupaza kilio kila akimwona mtu aliyevaa koti jeupe. Sindano ni kichocheo asilia, kwa kuwa hakuna anayefundishwa kuumia. Hofu na kilio kinachotokana na sindano ni mwitikio asilia. Koti jeupe hapo mwanzo halikuwa na maana yoyote kwake. Baada ya kuandamana na sindano limekuwa kichocheo cha kufunzwa, na hofu inayoamshwa na koti peke yake ni mwitikio wa kufunzwa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona neno “hofu” limeandikwa mara mbili, wakadhani wamekosea, wakafuta moja. Usifute. Mwitikio ule ule hupewa majina mawili kulingana na kilichouita: ukiitwa na sindano ni wa asili, ukiitwa na koti ni wa kufunzwa.

Mtoto yule yule anaweza baadaye kumlilia hata kinyozi aliyevaa koti jeupe. Wahenga walikwisha kulisema hilo: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kitaalamu huitwa ujumlishaji, na jaribio linalotajwa sana ni lile ambalo Watson na Rosalie Rayner walilichapisha mwaka 1920, ambapo mtoto aliyepewa jina la Albert alioneshwa panya mweupe huku nyuma yake nondo ya chuma ikigongwa kwa nyundo. Baada ya panya na kishindo kukutanishwa mara saba, mtoto alimwogopa panya bila kishindo, na hofu hiyo ikaenea kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Hawakumwondolea hofu hiyo kabla hajaondoka, na leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa. Anayelitaja katika insha hana budi kutaja pia kazi ya Mary Cover Jones ya mwaka 1924, ambaye alimsaidia mtoto mwingine, Peter, aliyekuwa akiogopa sungura: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula akipendacho, hadi akaweza kumgusa. Jina lake huachwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Ikiwa koti jeupe litaonekana mara nyingi bila sindano, hofu hupungua, na hali hiyo huitwa kufifia. Usiandike kwamba hofu “imefutika.” Pavlov mwenyewe aliona kwamba mwitikio uliofifia huweza kuibuka tena baada ya mapumziko, jambo linaloonesha kwamba kilichofunzwa bado kipo, ila kimefunikwa. Usiandike pia kwamba vichocheo viwili lazima vifuatane kwa sekunde chache. Kwa kawaida ndivyo ilivyo, lakini ladha na kichefuchefu havifuati kanuni hiyo: aliyetapika saa kadhaa baada ya kula chakula fulani anaweza kukikinai kwa muda mrefu, hata kama tukio lilitokea mara moja tu. John Garcia alilionesha jambo hili kwa panya katika miaka ya 1950 na 1960, naye alipata taabu kuwashawishi wenzake waliozoea kanuni ya sekunde.

Sasa tuhamie upande wa pili, ambao ndio wenye mitego mingi. Mwaka 1898 Edward Thorndike alieleza jinsi paka mwenye njaa, aliyefungiwa ndani ya sanduku lenye kamba au kitanzi cha kufungulia mlango, alivyohangaika hadi akakigusa kwa bahati, na jinsi muda wa kuhangaika ulivyopungua polepole kadiri majaribio yalivyorudiwa. Alihitimisha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. B. F. Skinner alilichukua wazo hilo, akaliondolea neno “kuridhisha” ambalo halipimiki, akabakiza idadi: tabia imeongezeka au imepungua?

Kwa hiyo, jibu la swali la utegemezi likikuelekeza kwa Skinner, uliza maswali mawili, na uyaulize kwa mpangilio huu. La kwanza: baada ya matokeo hayo, tabia imezidi au imepungua? Ikizidi, huo ni uimarishaji. Ikipungua, hiyo ni adhabu. La pili: matokeo yenyewe ni kitu kilichoongezwa au kilichoondolewa? Kikiongezwa, andika “chanya”; kikiondolewa, andika “hasi.” Maneno chanya na hasi hapa ni alama za kujumlisha na kutoa kama zilivyo katika hisabati, wala hayana uhusiano wowote na wema au ubaya. Anayelishika hili peke yake ameshajiepusha na kosa linalowapotezea wanafunzi alama nyingi, yaani kudhani kwamba uimarishaji hasi ni jina jingine la adhabu.

Mifano ya haraka itatosha kwa aina tatu. Mwanafunzi anasifiwa kwa kuuliza swali, akazidi kuuliza: uimarishaji chanya. Mtoto anagusa sufuria ya moto, anaungua, haigusi tena: adhabu chanya, kwa kuwa maumivu yameongezwa. Kijana ananyang'anywa simu kwa kuchelewa kurudi nyumbani, akaacha kuchelewa: adhabu hasi. Uimarishaji hasi unahitaji utulivu zaidi. Mtu anaumwa kichwa, anameza dawa, maumivu yanaondoka, na siku nyingine kichwa kikiuma anaikimbilia dawa upesi. Tabia ya kumeza dawa imezidi kwa sababu kitu kibaya kimeondolewa. Mwanafunzi anayefanya kazi ya nyumbani ili kuepuka karipio naye yumo humo humo, ingawa ukimtazama juu juu utadhani kisa chake ni cha adhabu.

Zingatia kwamba adhabu hutambuliwa kwa matokeo yake, si kwa nia ya anayeitoa. Mwalimu anayewachapa wachelewaji kila Jumatatu, muhula mzima, na bado idadi yao ni ile ile, kwa maana ya Skinner hajaadhibu kuchelewa. Amechapa watoto tu. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayechukia hisabati akipiga kelele, kisha akatolewa nje, na wiki inayofuata kelele zikazidi, basi kutolewa nje kulikokusudiwa kuwa adhabu kumekuwa uimarishaji hasi: somo analolichukia limeondolewa. Binafsi naona mfano huu unafaa kufundishwa kwa kila anayejiandaa kushika chaki.

Turudi kwa mtoto wa dukani. Kosa la kawaida ni kutafuta jina moja la kisa kizima, ilhali kuna watu wawili wanaojifunza kwa wakati mmoja na kila mmoja anahitaji uchambuzi wake. Mtoto analia, anapewa pipi, na safari nyingine analia tena: uimarishaji chanya. Mama anatoa pipi, kelele na aibu mbele ya wateja vinaondoka, na safari nyingine anatoa upesi zaidi: uimarishaji hasi. Kila mmoja anamfunza mwenzake bila kujua. Sasa tuseme mama ameamua kukataa. Kwa kawaida kilio hupanda kwanza kabla ya kushuka, na mama asiyelijua hilo huvunjika moyo kileleni, akatoa pipi. Hapo amemfunza mtoto kwamba kulia kidogo hakufai kitu ila kulia sana kunalipa, na zaidi ya hayo ameihamisha tabia kutoka kwenye ratiba ya malipo ya kila mara kwenda kwenye malipo ya mara moja moja, ambayo hufifia kwa shida. Charles Ferster na Skinner walizieleza ratiba hizi kwa kirefu mwaka 1957. Ile ambayo malipo huja baada ya idadi ya matendo isiyotabirika huzaa tabia ya kasi na sugu. Ndiyo inayomfanya mcheza kamari aendelee kutumbukiza sarafu kwenye mashine hata baada ya kukosa mara nyingi.

Baadhi ya visa vina nadharia zote mbili, na kuvilazimisha viingie upande mmoja ni kuvipotosha. Kuku wanaokimbilia uani wakisikia mlio wa kopo la mtama mara nyingi hutolewa kama mfano wa Pavlov, na ni kweli kwamba mlio umeandamana na chakula. Lakini kukimbia kunalipwa pia, kwa kuwa kuku anayechelewa hukuta wenzake wamekwisha kudonoa. Andika yote mawili, ukionesha ni kipi kinahusu mlio na kipi kinahusu mbio.

Na vipo visa visivyo na nafasi katika nadharia hizi. Ukiona tabia mpya imetokea bila mhusika kuwahi kulipwa wala kuadhibiwa kwa ajili yake, uliza kama aliona mtu mwingine akiifanya. Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha mwaka 1961 jaribio ambapo watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walielekea kuyaiga mapigo yale yale, na maneno yale yale, walipoachwa naye. Kama hakuna aliyeigwa, mfikirie Edward Tolman. Mwaka 1930 yeye na Charles Honzik waliwaachia panya wazunguke ndani ya njia za kupotea kwa siku kumi bila kukuta chakula humo; chakula kilipowekwa siku ya kumi na moja, makosa yao yalipungua mara moja, dalili kwamba walikuwa wamejifunza njia muda wote ila hawakuwa na sababu ya kuonesha.

Kwa zoezi, anza na simu yako. Mlio wa ujumbe unasikika, moyo unaruka kidogo, mkono unaingia mfukoni, na ujumbe unaweza kuwa wa pesa zilizoingia au tangazo lisilo na faida. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto uweke moyo unaoruka na ujaze nafasi nne za Pavlov. Kulia uweke mkono unaoingia mfukoni na ujibu maswali mawili ya Skinner, kisha useme malipo yake yako katika ratiba gani. Ukishindwa kujaza nafasi mojawapo, usirudi kwenye tafsiri zilizokaririwa. Rudi kwenye swali la utegemezi, ujiulize ni nini kingetokea kama mkono usingeingia mfukoni.