Kozi ya mtandaoni ambayo wanafunzi wanaimaliza: hatua kwa hatua, kutoka Lubumbashi

Kozi nyingi za mtandaoni zinaanza na watu wengi na kuisha na wachache sana. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walitoa hesabu ya kozi za wazi za MIT na Harvard: katika mwaka wa masomo 2017-18, waliomaliza walikuwa takriban 3 tu kwa kila 100 waliojiandikisha. Vyuo hivyo vina studio, vina walimu wenye sifa dunia nzima, na intaneti ya kwao haikatiki kila jioni. Kwa hiyo ukiona wanafunzi wako wanapotea, usikimbilie kununua kamera.

Mimi ninafundisha wafanyabiashara wadogo wa hapa Lubumbashi kushika hesabu: wamama wenye meza soko la komini ya Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi), vijana wa butiki za Katuba na Ruashi, watu wanaoteremka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuleta mali. Wanasomea kwenye simu, mteja akiwa amesimama mbele yao. Ninachokiamini baada ya kuwafundisha ni hiki: mwanafunzi anabaki kwenye kozi kwa sababu kuna kazi anayoifanya leo kwa mikono yake, na kuna mtu anayemjua anayeingoja kazi hiyo. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Amua atabaki na nini mkononi

Usianze na orodha ya mada. Andika kwanza kitu kimoja ambacho mwanafunzi atakuwa nacho kozi ikiisha, kitu ambacho hata jirani yake wa meza anaweza kukiona. Kwenye kozi yangu ni daftari: majuma manne ya mauzo, manunuzi na madeni, na chini kabisa mstari wa faida. Tena daftari la duka lake mwenyewe, na majina ya wateja wake wanaomdai na anaowadai.

Halafu pitia masomo yako moja moja na ujiulize: somo hili likitoka, daftari litakwama wapi? Kama halikwami popote, litoe. Historia ya uhasibu itatoka. Aina za makampuni zitatoka. Inauma, maana sisi walimu tunapenda kutoa yote tuliyoyasoma, lakini mama mwenye mega 200 (MB za intaneti) kwenye simu hana nafasi ya kubeba mapenzi yetu.

Hatua ya 2: Ongea na wanafunzi watano kabla ya kurekodi chochote

Wapigie simu au wafuate sokoni. Waulize wana simu gani na imebaki na nafasi kiasi gani. Wananunua mega za siku au za mwezi. Saa gani mikono inakuwa wazi. Umeme katika mtaa wao unarudi saa ngapi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Na swali ambalo watu wengi wanalisahau: nani mwingine anatumia simu hiyo? Nyumba nyingi simu ya mama ikifika jioni inaingia mikononi mwa watoto. Ukipanga kipindi cha moja kwa moja saa 20:00, umewafungia nje wanafunzi wako wazuri kabla hujaanza.

Kuhusu saa: ukiwa na wanafunzi wa Kinshasa pia, kumbuka wako nyuma yetu kwa saa moja. Andika kila mara "saa ya Lubumbashi", na uandike kwa tarakimu, 14:00 au 17:30, watu wasikosee.

Hatua ya 3: Kila somo libebe tendo moja

Hapa ndipo kozi inapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua somo ambalo vitabu vingi vingeliita "Gharama na faida". Mtu atarekodi nusu saa: maana ya gharama, aina za gharama, fomula, mifano mitatu, maswali. Mwanafunzi atasikiliza dakika chache, mteja atafika, na hatarudi.

Sasa litengeneze upya kama tendo. Jina lake: "Tafuta faida ya bidhaa moja ya dukani kwako, leo." Sauti ya dakika 4 na picha moja ya ukurasa wa daftari. Ndani ya sauti nawapa mfano mmoja tu, polepole:

Umenunua Kasumbalesa katoni ya sabuni, vipande 24, dola 20. Usafiri na wabeba mizigo, dola 4. Jumla dola 24, maana yake kila kipande kimekugharimu dola 1. Tuseme leo dola 1 ni franka 2,500. Unauza kipande franka 2,800. Faida ni franka 300 kwa kipande, franka 7,200 kwa katoni nzima. Mtu aliyesahau usafiri ataona kipande kimemgharimu franka 2,083, na atadhani anapata zaidi ya franka 700. Atakula faida ambayo haipo.

Kisha nauliza swali moja na kunyamaza: dola ikipanda mpaka franka 2,800 kabla hujarudi Kasumbalesa, umebaki na nini? Wakipiga hesabu wanaona wenyewe. Vipande 24 mara franka 2,800 ni franka 67,200, ambazo kwa bei hiyo mpya ya dola ni dola 24 kamili. Katoni imeuzwa yote, na faida ni sifuri. Kila mtu anayenunua kwa dola na kuuza kwa franka analijua jambo hili kwa maumivu. Siku hiyo analiona kwa tarakimu.

Mwisho wa sauti naagiza: chagua bidhaa moja ya kwako, andika mistari mitano kama kwenye picha, piga picha ukurasa, tuma kwenye kikundi kabla ya kufunga duka. Basi. Somo limekwisha.

Ukitengeneza masomo yako, jipime hivi: tendo la somo liweze kufanyika kwa dakika 15, kwa vitu ambavyo mwanafunzi tayari anavyo, na matokeo yaonekane kwenye picha moja. Likishindwa kipimo hicho, ligawe mara mbili. Na mfano ubaki mmoja hata kama una mitano mizuri kichwani.

Hatua ya 4: Punguza uzito

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichunguza mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za kozi kwenye jukwaa la edX. Video iwe ndefu namna gani, mtazamaji wa kawaida hakukaa zaidi ya dakika 6. Mimi sivuki dakika 5.

Sauti ya WhatsApp ya dakika 4 haifiki mega 1. Video ya dakika 5 yenye ubora wa HD inaweza kupita mega 50. Kwa hiyo kanuni yangu ni sauti na picha kwanza. Video natumia pale tu ambapo mkono lazima uonekane ukifanya kazi, kwa mfano kuchora safu za daftari. Ukiwa na video, ipitishe kwenye programu ya bure ya HandBrake, ishushe mpaka 480p (ubora mdogo), na ujaribu kuisoma kwenye simu ya bei nafuu, si kwenye kompyuta yako. Tarakimu zisiposomeka, kuza maandishi kisha urekodi tena.

Usisome kwa sauti maneno yale yale yaliyoandikwa kwenye picha. Utafiti wa Richard Mayer kuhusu kujifunza kwa picha na sauti umeonyesha kwamba jambo hilo linamsumbua msikilizaji: jicho na sikio vinagombania kitu kimoja. Picha ionyeshe, sauti ieleze.

Jukwaa lenyewe lisikusumbue sana. Moodle ina programu ya simu inayomruhusu mtu kupakua masomo akiwa na mtandao na kuyafungua baadaye bila mtandao, inafaa kwa shule au shirika. Kwa wafanyabiashara, WhatsApp inatosha: kikundi kimoja ambamo wasimamizi peke yao wanaandika, humo masomo yanakaa kwa utaratibu bila kufunikwa na salamu na picha za asubuhi, na vikundi vidogo vya kazi pembeni.

Hatua ya 5: Wapange kama likelemba

Watu wetu tayari wanajua kukaa pamoja juma baada ya juma bila kutoroka: wanafanya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kila mtu anatoa, kila mtu ana zamu yake, na asiyekuja anaonekana. Chukua mpango huo huo. Gawa wanafunzi katika vikundi vya watu 5 au 6, ikiwezekana wa soko moja au mtaa mmoja, ili wakutane hata bila simu. Kila juma mmoja ana zamu: anakusanya picha za kazi za wenzake, anamkumbusha aliyechelewa, anasoma jibu la mwalimu kwa yule ambaye mega zimemwishia.

Usimpe zamu ya kwanza mtu anayeongea sana. Mpe yule mtulivu ambaye wengine wanamheshimu.

Jambo moja la kuangalia: hesabu za duka ni siri ya mtu. Wengine hawataki jirani ajue faida yao, na wana haki. Waruhusu kufunika tarakimu fulani, au watume kwako peke yako na kwenye kikundi waandike tu "nimefanya".

Hatua ya 6: Jibu kila kazi, haraka

Kazi isiyojibiwa inamfundisha mtu kwamba hakuna aliyekuwa akiingoja. Jibu ndani ya siku mbili. Jibu langu lina vitu vitatu: kitu halisi nilichokiona kwenye ukurasa wake, sahihisho moja, na swali linalompeleka somo linalofuata. Kwa mfano:

"Jambo mama. Nimeona umeandika usafiri peke yake kwenye mstari wake, vizuri sana. Kwenye unga umeandika bei ya mfuko, lakini unauza kwa kipimo cha kopo. Hesabu tena makopo mangapi yanatoka kwenye mfuko mmoja. Na yule mteja wa deni, umeandika tarehe aliyoahidi kulipa?"

Sahihisho moja, hata kama umeona manne. Matatu yaliyobaki yatakuja na kurasa zijazo. Ukiandika "bravo" tupu kwa kila mtu, watajua hukusoma. Kama huwezi kujibu watu 60, chukua 25. Afadhali kozi ndogo.

Hatua ya 7: Rudisha ya zamani kwa maswali

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma waliweza, juma moja baadaye, kukumbuka zaidi kuliko wale waliosoma tena na tena. Kwa hiyo usirudie somo la zamani, liulize. Kila siku ya kwanza ya juma natuma swali moja la masomo ya nyuma, kwa kura ya WhatsApp yenye majibu matatu, na jibu linakuja jioni na maelezo ya sekunde 30. Inachukua mega kidogo mno, na hata aliyebaki nyuma anaweza kushiriki.

Hatua ya 8: Mfuate aliyenyamaza kabla ya juma kuisha

Shika orodha rahisi: majina upande mmoja, masomo juu, alama kwa kila kazi iliyofika. Iangalie kila jioni katika juma la kwanza. Mtu ambaye hakutuma kazi ya kwanza wala ya pili mpigie siku ya tatu, usingoje ya kumi. Mpigie wewe mwenyewe au yule mwenye zamu, usimtaje mbele ya kikundi. Usimuulize kwa nini hakufanya, muulize "Umefikia wapi, nikusaidie?" Mara nyingi sababu ni ndogo na inatengenezeka: simu imejaa, haoni vizuri picha, hakujua aanze na bidhaa gani, mtoto yuko hospitali.

Andika kila sababu kwenye orodha ile ile. Sababu moja ikitajwa na watu watatu, simamisha masomo siku moja na utengeneze kozi: picha kubwa zaidi, saa nyingine, somo lililogawanywa. Waambie wote umebadilisha nini na nani alikusaidia kuona, kama amekubali atajwe. Kisha mtumie kila aliyebaki nyuma tendo moja dogo la kurudia, la dakika 5, ambalo likifanyika anahesabiwa yuko ndani tena.