Dipoziti ya mpangaji: chukua hivi, usije ukagombana na mtu

Wenzangu wenye vyumba vya kupangisha hapa Mbeya, dipoziti, ile hela ya dhamana unayoishika mpaka mpangaji ahame, usiichukue siku mtu anakuja kuangalia chumba hata kama dalali anakwambia mteja huyu anawahiwa na mwingine, kwanza mjue. Muombe kitambulisho cha NIDA, muulize anafanya kazi wapi na kwanini anahama, halafu mpigie mwenye nyumba wake wa zamani, mimi hili silikwepi kabisa. Akikataa kukupa namba ya huyo mtu, achana naye.

Ukiridhika ndo mnaandikishana. Dipoziti iandikwe kwenye mkataba peke yake, isichanganywe na kodi ya miezi 3 au 6, maana mwisho wa mkataba mpangaji anakwambia "kodi iliyobaki katia humo humo" na we unabaki na bili ya maji na kitasa kilichong'olewa. Dipoziti sawa na kodi ya mwezi 1 inatosha, ukizidisha unamuumiza mtu bure.

Kabla hujampa funguo, zungukeni wote na simu mpige picha ukuta, soketi, sinki, na silingibodi msiisahau, Juni na Julai baridi ikikaza watu wanaingiza jiko la mkaa ndani (hatari sana hiyo, mkataze kabisa, moshi unaua) na juu panabaki peusi tii.

Hela yenyewe usiile, ni ya mtu. Akihama kagueni tena na zile picha, kata kilichoharibika kwa risiti ya fundi, inayobaki mrudishie siku hiyohiyo.